Nani Anunue Taka za Pemba?

Pemba ina taka moja ambayo hakuna mtu anayeitupa. Karafuu huchumwa kwa vishada, punje na kikonyo chake pamoja, na jioni watu wa nyumba na jirani zao hukaa kitako kuchambua: punje upande huu, makonyo upande ule. Punje zitaanikwa juani siku kadhaa mpaka zibaki na kiasi cha thuluthi ya uzito zilizotoka nao shambani. Makonyo nayo yataanikwa, yatatiwa gunia, yatapelekwa kuuzwa. Hakuna bango la kuwahimiza watu watenganishe, hakuna semina, hakuna faini. Wanatenganisha kwa sababu makonyo yana mnunuzi, na mnunuzi huyo ni shirika la Serikali.

Shirika lenyewe ni la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na makonyo huishia katika kiwanda chake cha Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Hapo hupakiwa ndani ya mitungi mikubwa, hupitishiwa mvuke, na mvuke ukishapozwa hurudi kuwa maji yaliyochanganyika na mafuta. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, kwa hiyo hutuama chini yake. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kilo 5 hadi 7 za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yuginoli, kitu kinachotafutwa na watengenezaji wa manukato na wa dawa za meno. Kiwanda hichohicho hukamua pia mafuta ya mchaichai, ya majani ya mdalasini na ya mkaratusi.

Nimeanza na makonyo kwa kuwa yanajibu swali ambalo Zanzibar inalijadili kana kwamba ni geni: chombo cha Serikali kinahitaji madaraka gani ili taka igeuke bidhaa? Kisiwa hiki kina watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, wamekaa katika eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,000. Kila siku kinatoa chupa za maji na za soda, madumu, ndoo zilizopasuka, makopo, maboksi, betri, na kamba za nailoni zilizochoka kutoka mashamba ya mwani. Karibu kila kimoja katika hivyo kina kiwanda mahali fulani kinachokihitaji. Hata hivyo, vingi huishia jaani, kwenye makorongo na mikoko, au huchomwa nyuma ya nyumba. Sikubaliani na wanaosema tatizo ni tabia za watu. Mikono inayochambua karafuu punje kwa punje ndiyo hiyohiyo inayotupa chupa.

Nguvu ya ZSTC juu ya makonyo haikai katika kifungu kimoja cha sheria. Shirika linatangaza bei, na mkulima anaijua kabla hajabeba gunia. Lina vituo vya kununulia vilivyo karibu na mashamba. Linalipa. Lina kiwanda kisiwani, kwa hiyo mzigo hausubiri meli wala hautegemei tajiri wa Dar es Salaam ameamkaje siku hiyo. Na lina madaraja: karafuu iliyochanganyika na makonyo hushushwa daraja na kulipwa pungufu. Mkulima basi ana sababu mbili za kukesha akichambua, asipoteze bei ya punje na apate chochote kwenye makonyo. Ondoa moja tu kati ya nguvu hizo na nyingine zinalegea. Bei ikitangazwa bila kituo cha karibu, nauli inaila. Kituo kikifunguliwa bila fedha ya kulipa, watu watapeleka mzigo mara moja na hawatarudi.

Sasa tuangalie nani ana madaraka gani juu ya taka nyingine. Mazingira si jambo la Muungano. Sheria ya Mazingira ya 2004 na Baraza la NEMC ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 3 ya 2015, na mamlaka yake, ZEMA, yenye kazi ya kusimamia, kukagua, kutoa vibali na kuadhibu. Kuzoa taka ni kazi ya serikali za mitaa, ambazo kwa Pemba ni za Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni. Yupo basi anayekataza, na yupo anayezoa na kumwaga. Anayenunua hayupo, na nafasi hiyo ndiyo ambayo bodi ya kukuza soko la taka ingeijaza.

Kukataza Zanzibar inakujua vizuri. Ilianza kuipiga marufuku mifuko ya plastiki katikati ya miaka ya 2000, zaidi ya miaka kumi kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo Juni 1, 2019. Marufuku hiyo ilikuwa na maana kwa sababu mfuko una mbadala wa papo hapo: kikapu, pakacha, mkoba wa kitambaa. Chupa ya maji ni jambo jingine. Iko katika kila duka la kijijini na kila harusi, na watu wanaitegemea pale ambapo maji ya bomba hayaaminiki. Kitu kinachoruhusiwa kuingia kisiwani kila siku hakiwezi kumalizwa kwa faini, na mkaguzi wa mazingira, hata awe mwadilifu vipi, hana kifungu kinachomruhusu kumlipa mtu aliyeleta gunia la chupa.

Ipo kazi ya kugeuza taka ambayo Pemba iliifanya kwa vizazi bila kusubiri bodi, nayo inafundisha kitu cha upande wa pili. Wanawake wa mapwani huyafukia makumbi ya nazi kwenye matope yanayofikiwa na maji ya bahari, wakayaacha miezi kadhaa mpaka yaoze vya kutosha. Kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo mpaka nyuzi ziachane na uchafu, wakazikausha na kusokota kamba za usumba. Ni kazi ngumu, ya kuinama ndani ya maji yanayonuka, na malipo yake yamekuwa madogo siku zote. Ilipokuja kamba ya nailoni, nyepesi na isiyooza, usumba ulisukumwa pembeni. Hakuna chombo cha Serikali kilichokuwa na wajibu wa kuulizia soko hilo. Leo kamba za nailoni ndizo zinazofunga mwani katika fukwe nyingi za Pemba, na zikikatika husombwa na maji, hujiviringisha kwenye mikoko au hubaki zimezikwa nusu mchangani. Kitu kilichoua soko la usumba kimekuwa chenyewe taka isiyo na soko. Anayefikiria bodi ya kukuza masoko ya urejelezaji asiishie kwenye plastiki pekee. Makumbi nayo yapo, na bado yapo mikono inayojua kuyafanyia kazi.

Mtu anaweza kusema basi jibu ni rahisi: iundwe ZSTC ya chupa, ipewe taka zote, mambo yaishe. Hapo ndipo historia ya karafuu inapotuonya, na inafaa kukaa nayo kidogo.

Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa 1927 kwa nia njema, kuwakopesha wakulima na kuwapunguzia mzigo wa madeni. Kuanzia 1934 utawala wa Kiingereza ulikiongezea madaraka kidogo kidogo, na 1937 amri mpya ikakipa haki ya peke yake ya kununua karafuu ya kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu ya Zanzibar, na chama cha Congress huko kikaunga mkono ususiaji huo. Biashara ilidorora mpaka yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Kilichoanza kama msaada kwa mkulima kilikuwa kimegeuka ugomvi juu ya nani ana haki ya kununua, na mkulima wa Pemba alikuwa amekaa na magunia yake akisubiri wakubwa wapatane.

Baada ya Mapinduzi ukiritimba ulirudi kwa sura nyingine. ZSTC, iliyoundwa miaka ya 1960, ilikuwa mnunuzi pekee, na kwa miaka mingi ilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia. Matokeo yake kila Mpemba mtu mzima anayajua: magendo. Karafuu zilivuka usiku kwenda Shimoni na Mombasa, na askari wakapelekwa kulinda fukwe dhidi ya watu waliokuwa wakiuza mavuno yao wenyewe. Ilipofika 2011 Serikali ilibadili mwendo, ikaamua mkulima alipwe kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na daraja la kwanza likapanda hata kufikia shilingi 14,000 kwa kilo. Magendo yakapungua sana. Lakini haki ya peke yake ilibaki, na sheria ya karafuu ya 2014 ikaendelea kumhesabu kuwa mkosaji anayezisafirisha nje kwa njia yake.

Hapa kuna mambo mawili ambayo kwenye karafuu yamefungwa pamoja, na kwenye taka yanapaswa kufunguliwa. Moja ni uwezo wa kununua kwa bei inayojulikana. La pili ni uwezo wa kumzuia mwingine asinunue. Bodi ya soko la taka inahitaji la kwanza kwa nguvu zote, na la pili isipewe kabisa. Karafuu angalau ilikuwa na wagombea wengi, na Serikali ikadai kwamba inamlinda mkulima nao. Chupa tupu Micheweni haina mgombea. Akitokea kijana mwenye mashua na mizani akataka kuzinunua kwa bei bora kuliko ya bodi, hilo ndilo jambo ambalo bodi imeundwa ili litokee, na siku hiyo inapaswa kumpisha.

Vyuma chakavu vinathibitisha hilo. Skrepa haikuhitaji bodi yoyote. Wanunuzi wanazunguka vijijini na mizani, wanapima mabati, vyuma vya gari, masufuria, kisha mzigo unavuka kwenda Unguja au Bara. Bei ya chuma inabeba nauli na faida juu. Kazi ya Serikali kwenye skrepa ni ya ulinzi: kuhakikisha kinachouzwa hakikung'olewa kwenye nguzo ya umeme au bomba la maji, na kwamba betri hazipasuliwi mahali watoto wanapocheza. Ni kazi ya kibali na daftari la mnunuzi. Kuichanganya na kazi ya kuanzisha soko ni kupoteza nguvu mahali ambapo soko tayari lipo.

Chupa ndiyo yenye hesabu ngumu. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Gunia lililojaa chupa ambazo hazijabanwa ni upepo mtupu. Gari la ng'ombe linaonekana limeelemewa, na mizani haisomi kitu. Mzigo huo ukitoka Konde unatakiwa ufike Wete, upakiwe chomboni kwenda Unguja au Tanga, na mara nyingi upakiwe tena mpaka Dar es Salaam, ambako ndiko waliko wenye mitambo ya kusaga plastiki. Kila hatua kunapakiwa na kupakuliwa, na kila mpakiaji ana ujira wake. Bei inayomridhisha mwokota makopo wa Dar es Salaam, anayeuza hatua chache kutoka kiwandani, ikifika Pemba imeshaliwa na bahari. Ndiyo maana elimu ya mazingira pekee haitoshi, hata ikitolewa kila Ijumaa msikitini na kila Jumatatu skulini. Watu watakusanya wiki moja kwa moyo, na wiki ya pili watauliza zinapelekwa wapi.

Nchi nyingine zimeshalipitia swali hili, na iliyolifanyia majaribio marefu zaidi pengine ni jimbo la California, Marekani. Sheria yake ya 1989 ilizitaka serikali za mitaa zipunguze taka zinazokwenda jaani kwa asilimia 25 ifikapo 1995 na asilimia 50 ifikapo 2000. Walioiandika waliona mapema kwamba kukusanya bila mnunuzi kutazalisha milima ya taka safi. Bodi ya jimbo ya usimamizi wa taka ikapewa uwezo wa kutangaza kanda maalumu za kukuza masoko, ambazo zilifikia takriban 40, na ndani yake kiwanda kinachotumia malighafi iliyorejelezwa kilipata mkopo wa riba nafuu, msaada wa kitaalamu na wepesi wa vibali. Mkopo ukilipwa, fedha zilikopeshwa mwingine. Bodi haikujenga viwanda. Iliwatafuta wenye viwanda na kuwaondolea vikwazo.

Zaidi ya mikopo, California ililazimisha mahitaji yawepo. Wachapishaji wa magazeti walitakiwa, ifikapo 2000, nusu ya karatasi wanayotumia iwe yenye nyuzi zilizorejelezwa. Kwa chupa za plastiki za vinywaji, sheria ya 2020 imeweka ngazi: asilimia 15 ya plastiki iliyorejelezwa kuanzia 2022, asilimia 25 kuanzia 2025, asilimia 50 kuanzia 2030. Naona hilo ndilo dai lenye nguvu kuliko mkopo wowote, kwa maana linamfanya mwenye kiwanda cha soda mwenyewe atafute chupa kuukuu.

Yapo na majeraha. China, iliyokuwa ikipokea karibu nusu ya plastiki chakavu zilizouzwa nje duniani, ilifunga mlango mwanzoni mwa 2018, na bei zikaporomoka. Agosti 2019 kampuni ya rePlanet, iliyokuwa na vituo vingi kuliko zote California vya kurudishia chupa na makopo, ilifunga vituo vyake vyote 284 kwa siku moja. Ruzuku ya jimbo ilikuwepo, ila haikupanda upesi kulingana na jinsi bei ilivyoshuka. Kisiwa kinachotaka kuweka bei ya chini kabisa ya chupa kinapaswa kulikumbuka hilo: bei ya kulindwa isiyo na akiba nyuma yake hudumu mpaka mtikisiko wa kwanza wa soko. Karafuu nayo ilihitaji mfuko wake wa maendeleo kwa sababu ileile.

Karibu na nyumbani, Lamu imeonyesha njia tofauti. Jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa huko Septemba 2018, liliundwa kwa tani 10 za plastiki zilizookotwa na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000, na mapema 2019 likasafiri kilomita 500 hivi mpaka Zanzibar. Lilipendeza, na lilifanya kazi yake ya kuamsha watu. Lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba mafundi wa jahazi, watu wa mbao, walithibitisha kuwa plastiki kuukuu inaweza kuchongwa na kupigwa msumari kwa ufundi wao wa asili. Pemba nayo haikosi mafundi. Unguja kuna warsha kama Chako, inayogeuza chupa za vioo za hotelini kuwa glasi na taa. Lakini warsha ya aina hiyo inaishi kwa watalii, na watalii wa Pemba ni wachache mno kubeba taka za wilaya nne.

Nirudi kwenye sheria, maana hapa Pemba ina kikwazo ambacho California haina. Njia iliyozoeleka ya kuchangisha fedha za soko la taka ni kumtoza anayeingiza au anayetengeneza bidhaa. Kenya imeelekea huko kwa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022. Zanzibar ikitaka kumtoza mwingizaji bandarini itagonga mwamba: forodha na ushuru wa bidhaa ni mambo ya Muungano, na viwango vya forodha vinapangwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bodi ya Zanzibar haiwezi kugusa hapo hata kama sheria yake itaandikwa kwa wino wa dhahabu. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo za hoteli, kwa upande mwingine, ni za Zanzibar yenyewe na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Kwa hiyo ada ya chupa, ikiamuliwa na Baraza la Wawakilishi, ingekaa kwenye mauzo na kwenye hoteli, mbali na geti la forodha.

Na ikikaa hapo, sehemu kubwa itakusanywa Unguja, waliko watalii. Hilo litaleta mabishano, na nadhani ni afadhali yaje mapema. Gharama ya kuiondoa chupa Micheweni ni kubwa kuliko ya kuiondoa Paje, na fedha iko Paje. Mfuko usiovuka bahari utaipa Unguja vituo vizuri na kuiachia Pemba mabango. Sheria inapaswa itamke wazi kwamba bodi ina wajibu wa kusawazisha nauli: mtu wa Mkoani na mtu wa Mjini walipwe sawa kwa kilo moja ya chupa safi, na tofauti ya safari ibebwe na mfuko. ZSTC hufanya hivyo kwa karafuu, kwa kutangaza bei moja ya daraja kwa visiwa vyote viwili.

Vingi vya vyombo ambavyo bodi ingevihitaji tayari vipo, vimetawanyika. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, una mikopo. Taasisi ya Viwango, ZBS, inaweza kuandika kiwango cha tofali la sakafu lililochanganywa plastiki na mchanga, na bila kiwango hicho hakuna mhandisi wa Serikali atakayethubutu kulitumia. Mamlaka ya ununuzi wa umma inaweza kuagiza kwamba mifuniko ya mitaro, madawati na vigingi vya mipaka vinunuliwe kwanza kwa watengenezaji wanaotumia malighafi ya visiwani, pale bei na ubora vinapokaribiana. Eneo la Micheweni lilitangazwa kuwa eneo huru la uchumi tangu 1992, na kwa miaka mingi ardhi yake imesubiri wawekezaji wakubwa. Kuwapa sehemu yake wenye mitambo ya kusaga na kubana, kwa kodi ya ardhi ya bei ndogo na umeme wa uhakika, ni kufanya kile California ilichoita kanda ya soko, bila kutunga sheria mpya ya ardhi.

Vipo pia vituo vya ZSTC vyenyewe. Karafuu ina msimu, na msimu ukipita mizani na makarani wake hawana kazi ya kutosha. Ningependa kuona vituo hivyo vikipima chupa na kamba za mwani katika miezi ya ukavu wa karafuu, kwa sharti moja ambalo mkulima yeyote atalielewa: uani, chini ya paa lake peke yake, kamwe si ndani ya ghala. Karafuu hushika harufu, na gunia moja lililonuka mabaki ya soda au mwani uliooza linaweza kuharibu jina la shehena nzima. Mashine ya kubania marobota, moja kwa kila wilaya, itapunguza upepo unaosafirishwa. Kamba za mwani ningezianza kabla ya chupa, kwa kuwa wakulima wa mwani wamekusanyika pamoja, wana viongozi wao, wanajua mizani, na zikitolewa baharini faida inarudi kwao moja kwa moja: mashamba yao hayatingwi na makapi.

Uzoefu wa makonyo unatoa onyo moja zaidi, nalo ni la ubora. Wawi haipokei makonyo yaliyochanganyika na mchanga au majani. Bodi ikinunua chochote kwa bei moja itajaza ghala taka chafu zisizouzika, na itakuwa imelipia jaa. Madaraja yawepo tangu siku ya kwanza: chupa isiyo na kifuniko na lebo, bei hii, iliyo na mchanga, bei ile, iliyochanganyika, irudi nayo mwenyewe. Litaonekana jambo kali. Lakini ndivyo mkulima wa karafuu alivyojifunza kuchambua, na hakuna aliyemwona mjinga.

Muundo wa bodi yenyewe una uzito wake. Ile ya California ilifutwa mwisho wa 2009 na kazi zake kuhamishiwa idara mpya, ikilaumiwa pamoja na mengine kuwa imekuwa pahala pa kuwapa vyeo wanasiasa waliomaliza muda wao bungeni. Zanzibar haihitaji kulirudia kosa hilo. Wanaopaswa kukaa mezani ni mwakilishi wa wakulima wa mwani, wa wasafirishaji wa vyombo vya baharini, wa mabaraza ya miji, wa wanunuzi wa skrepa, mtu wa viwango na mtu wa fedha. ZEMA ibaki nje ya bodi ikiwa mkaguzi, kwa sababu anayenunua taka hafai kujipa mwenyewe kibali cha kuihifadhi. Bei zibandikwe katika kila kituo na kwa kila sheha, na hesabu za mfuko zipite kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kabla ya kufikishwa Baraza la Wawakilishi, zikionyesha kwa kila wilaya kilo zilizonunuliwa, kilo zilizouzwa na kilo zilizobaki ghalani. Kilo zilizobaki ndizo zitakazosema ukweli.

Kisha kuna suala la ofisi. Wizara za Zanzibar huwa na Afisa Mdhamini Pemba, na wananchi wanajua kwamba mengi yanayofika mezani kwake lazima yavuke bahari kutafuta saini. Kwa kibali cha ujenzi, kusubiri ni usumbufu. Kwa mnunuzi wa taka, kusubiri kunaua soko lenyewe: mama aliyebeba kamba kutoka ufukweni hatazirudisha nyumbani akaja tena wiki ijayo. Sheria ya bodi hii impe ofisa wake wa Chake Chake akaunti yenye fedha za kununulia msimu mzima, uwezo wa kupanga safari za vyombo kutoka Wete na Mkoani, na ruhusa ya kupandisha bei kwa kiasi kilichowekwa bila kuomba Unguja.